Deomai

Saa nane za usiku, Dundee, Januari.
Kengele ya chumba namba tisa inalia.
Najua si choo. Najua si maumivu.
Ni biskuti.

Bi Elspeth Moncur, miaka themanini na minane,
aliwafundisha Kiyunani cha kale wasichana wa shule moja kule Perth
mpaka shule ikaona Kiyunani hakilipi.
Damu yake sasa ni tamu kama jamu ya machungwa,
na daftari la zamu limeandikwa kwa wino mwekundu: ASIPEWE.

"Deomai sou," ananiambia,
mkono wake juu ya wangu, baridi kama kijiko.
Nakuomba, anatafsiri.
Kisha anajisahihisha, mwalimu ni mwalimu:
nakuhitaji. La, bado.
Nimepungukiwa, na kilichopungua kiko kwako.
Yote hayo, neno moja.

Kwetu tumeyatenga. Kuhitaji huku, kuomba kule,
katikati tumepanda ua wa haya.
Mtu hukaa na shida yake mwaka mzima,
ukimuuliza hali, "nzuri tu".
Wayunani, anasema, hawakuwa na ua huo:
ukikiri umepungukiwa, umeshaomba.

Deomai, naomba. Deitai, anaomba.
Deometha, tunaomba.
Nayaandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya sukari.

Neno hili lina ndugu, anasema. Dei. Maana yake, sharti.
Halina mtendaji. Hakuna anayesharutisha,
ni sharti tu, limening'inia kama taa ya ukumbini.

Nikacheka. Huyo namjua.
Yumo kwenye barua ya Ofisi ya Uhamiaji:
sharti cheti, sharti hati za mshahara za miezi sita,
sharti uthibitishe kwamba mtoto ni wako
na kwamba umekuwa ukimlea peke yako,
hatujaridhika,
na chini saini nyembamba kama unywele sabunini.
Sharti na naomba, tumbo moja!
Sikulala vizuri asubuhi ile.

Wakati uliopita, akanionya, una kituko.
Edeethen. Kwa umbo ni kutendwa,
kana kwamba unasema niliombwa.
Kwa maana ni kutenda: niliomba.
Kwa nini?
Akainua mabega. "Mtihani haukuuliza kwa nini."

Jumapili Saumu akapiga kutoka Korogwe, mtandao ukikatika:
Mama, nakuom— hata Desemba— sema ndiyo tu—
Nikasema tutaona.
Nikajifungia choo cha wafanyakazi, nikaandika rufaa kwenye simu,
kisanduku cha herufi mia tano, nafasi nazo zinahesabiwa.
Niliombwa, niliomba.
Sikujua tena lipi umbo, ipi maana.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
nilimpa Bi Moncur hiyo, iwe ada ya masomo.
Akataka niirudie. Akaisaga polepole, meno yake yakiwa glasini.
"Sharti," akasema, "mnayo na nyinyi."
Kisha, bila aibu hata chembe:
"Kopo liko mvunguni.
Na magoti yangu, unajua, ni ya chuma."

Methali haikusema ainame nani.

Nikainama.
Vumbi, soksi moja, kopo lenye picha ya mbwa.
Nikavunja biskuti. Nusu yake,
nusu yangu, nikaila palepale sakafuni
ili ushahidi usibaki.

"Na rufaa yako?"
Hawajajibu.
"Basi ni wakati uliopo," akasema,
akalamba kidole, akaokota chembe kwenye shuka.
"Deometha. Ya wengi, siyo ya mmoja."

Nikamfunika. Nikarudi mezani, nikafungua daftari,
nikaandika kwa wino wa buluu:
Saa nane na dakika arobaini. Chumba namba tisa.
Aliomba maji. Akapewa.